Pateni Zilizolala

Barua iliyomwachisha kazi Bi Mkasi ilikuwa na mistari kumi na mmoja, na neno "uzembe" lilitokea ndani yake mara nne. Aliisoma akiwa amesimama kwenye lango la kiwanda, akaikunja mara mbili, akaitia mkobani, kisha akashika njia ya nyumbani kwa miguu. Hakulia. Alikuwa akihesabu siku. Kijitabu cha kanuni za kazi kilisema kwamba mfanyakazi aliyeachishwa ana siku kumi na nne za kukata rufaa, na yeye alikuwa mmoja wa watu wawili waliopata kukisoma kijitabu kile hadi ukurasa wa mwisho. Wa pili alikuwa yule aliyekipiga chapa.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mkataji mkuu katika kiwanda cha kushona sare. Kazi yenyewe hueleweka haraka na huchukua miaka mingi kujifunza. Jora za kitambaa hufunguliwa juu ya meza ndefu, tabaka juu ya tabaka, hadi themanini. Juu yake huwekwa pateni, yaani karatasi ngumu iliyokatwa kwa umbo la kipande kinachotakiwa. Mstari wa chaki huizunguka. Kisha mashine ya kukatia hupita, mara moja tu. Mshonaji akikosea hufumua. Mkataji akikosea, nguo themanini zimekosewa kwa mpigo, wala hakuna uzi uwezao kurudisha kitambaa kilichokwisha kuondoka. Kwa hiyo mkataji haulizwi kama ana haraka, wala kama ana tabia njema. Huulizwa kama mkono wake unaaminika. Karakana yoyote ya mjini ingemwuliza Bi Mkasi swali hilohilo, na kabla hajajibu ingenyoosha mkono kuomba barua yake ya mwisho. Mwenye barua iliyotaja uzembe mara nne hapewi kisu. Hupewa ufagio, kama nafasi ipo.

Kosa lenyewe halikuwa siri. Hospitali moja iliagiza makoti mia tatu na ishirini ya wauguzi. Miezi minne kabla, hospitali hiyohiyo ilikuwa imeomba koti lipanuliwe kiunoni kwa vidole vitatu, kwa kuwa la zamani lilishonwa kwa ajili ya muuguzi anayesimama, na uchunguzi ulionyesha kwamba wauguzi huinama. Pateni mpya ikachorwa. Bi Mkasi alikwisha kuikatia agizo moja bila tatizo. Agizo la pili alilikata Jumatatu kwa pateni ya zamani, tabaka themanini mara nne. Makoti yakashonwa, yakapigwa pasi, yakapelekwa. Muuguzi wa kwanza alipoinama kumfunika mgonjwa, kifungo cha tatu kiliruka kikaangukia ndani ya kikombe cha dawa. Makoti yote yakarudi.

Jinsi mkataji wa miaka kumi na tisa alivyochukua pateni isiyo yake ni jambo linalohitaji kuutazama ukuta.

Katika chumba cha kukatia kuna ukuta wenye misumari mia moja na kumi. Kila msumari ni wa nguo moja: koti la muuguzi, aproni ya mpishi, suruali ya mlinzi. Pateni haitupwi kamwe, maana wateja hubadili mawazo na huwa hawaoni haya kuyarudia yale ya kwanza. Pateni iliyo kazini hutazama chumba, upande wenye maandishi ukiwa nje. Iliyoondolewa kazini hubaki kwenye msumari uleule, nyuma ya mwenzake, ikiwa imegeuziwa uso ukutani. Wakataji husema imelala. Hakuna daftari la jambo hilo, hakuna kanuni iliyoandikwa, na hakuna aliyemkumbuka mtu aliyeanzisha. Mkataji mgeni huambiwa siku ya kwanza, mara moja, kwa maneno mawili: "Zilizolala usiziamshe." Baada ya hapo hakosei, kwa sababu mkono wake hujifunza kuchukua kinachomtazama.

Meneja mpya wa uzalishaji hakuwa mkataji, kwa hiyo hakuna aliyemwambia. Alikuwa ametoka kwenye kiwanda cha biskuti, ambako kila kitu hufanana na chenzake, na wafanyakazi walimwita Bwana Mstari kwa sababu hakuweza kupita mbele ya kitu kilichokaa upande bila kukinyoosha. Jumamosi moja, wakataji wakiwa mapumzikoni na wageni wakitarajiwa Jumatatu ileile ya makoti, aliwachukua vibarua wawili wa usafi, akashusha pateni zote, akaagiza zipanguswe vumbi, kisha akazitundika upya. Zote zilitazama chumba, maandishi yote nje, na kwenye kila msumari ndogo ikakaa mbele ya kubwa, kama wanafunzi wanaopigwa picha. Ukuta ulipendeza. Kwa mtu aliyejua kuusoma, ulikuwa umekatwa ulimi.

Baadaye kiliitishwa kikao cha nidhamu. Bwana Mstari alisoma shtaka. Bwana Mstari alitoa ushahidi. Bi Mkasi aliulizwa swali moja, kama sahihi iliyo kwenye karatasi ya kazi ni yake. Akajibu ndiyo, na jibu hilo likaandikwa chini ya kichwa "Kukiri". Akaombwa asubiri nje. Bwana Mstari akatafakari pamoja na karani wa utumishi, ambaye alikuwa chini yake kikazi, na kwa pamoja wakaafikiana na Bwana Mstari. Yote yalichukua dakika tisa.

*

Barua ya rufaa iliandikwa kwenye meza ya kulia chakula. Mume wa Bi Mkasi, fundi saa, alikaa upande wa dirisha akiwa na kioo chake cha kukuzia jichoni na saa ya mtu imefunguliwa mbele yake. Mdogo wa mumewe alikuja bila kuitwa. Huyu aliitwa Wakili na mtaa mzima, kwa kuwa alikuwa amefanya kazi mahakamani kwa miaka miwili, na watu hawakuona sababu ya kuuliza kazi gani.

"Shemeji, andika hivi," alisema Wakili, akitembea kutoka kabatini hadi mlangoni, safari ya hatua tatu. "'Nakanusha kwa nguvu zangu zote tuhuma zote zilizotajwa na zisizotajwa.'"

"Zisizotajwa nazikanushaje?"

"Unaziba mapema. Ndiyo sheria."

"Hiyo uliisomea mahakamani?"

"Miaka miwili, shemeji."

"Ukifungua mlango."

"Aliye mlangoni husikia pande zote mbili. Jaji husikia moja, nyingine anasinzia."

Bi Mkasi aliendelea kuandika. Mwandiko wake ulikuwa mdogo na wima, kama wa mtu aliyezoea kuandika kwa chaki juu ya kitambaa cha wenyewe. Alipomaliza ukurasa mmoja, aliwasomea. Aya ya kwanza ilieleza ukuta. Aya ya pili ilieleza kikao cha dakika tisa. Aya ya tatu ilisema: "Jumatatu asubuhi, nilipoingia, niliona kwamba ukuta umebadilika. Wageni walikuwa nyuma yangu na kazi ilikuwa nyingi. Sikumwuliza mtu yeyote. Hilo ni kosa langu."

Wakili aliketi. Kwa kawaida alihitaji kualikwa mara mbili.

"Futa hiyo," alisema.

"Kwa nini?"

"Shemeji yangu, wao wamekutafutia kamba, wewe unawapelekea na kigoda. Nani anajua kwamba uliona?"

"Mimi."

"Wewe huhesabiki. Wewe ni mshtakiwa."

"Kama sikuona ukuta umebadilika," alisema Bi Mkasi, "basi miaka kumi na tisa nimekuwa nakata nimefumba macho, na barua yao ina haki. Mkataji asiyeuona ukuta wake ni mzembe kweli. Mimi niliona. Kosa langu ni kutouliza."

"Hayo ni maneno mazuri. Yaseme msikitini au kanisani, popote utakapokaribishwa. Usiyaandike."

"Tena kuna hili. Meneja anasema aliagiza vumbi lipanguswe tu, hakuna kilichohama. Vibarua wameshaondoka, hawajulikani walipo. Nikisema sikuona kitu, ni nani atakayesema kwamba ukuta ulibadilika?"

Wakili akamgeukia kaka yake, kama mtu anayekata rufaa.

Fundi saa hakuinua kichwa. "Iache aya ya tatu," alisema, na akaendelea kutafuta skrubu ambayo watu wengine wote waliokuwa mle chumbani wasingeweza kuiona.

"Nyumba hii," alisema Wakili, "haina hata mtu mmoja wa kutetewa."

*

Rufaa ilisikilizwa siku ya tisa, saa nne asubuhi, katika chumba cha mikutano ghorofani. Kanuni zilimruhusu mkata rufaa kuja na msindikizaji mmoja, kwa sharti kwamba msindikizaji hasemi. Wakili alikuja. Alikuwa amevaa koti la harusi yake, na alibeba jalada ambalo Bi Mkasi alijua kwamba ndani yake mna stakabadhi za maji.

Mkurugenzi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye kiwanda, ambaye wafanyakazi walimwita Mama bila kumzoea. Alikaa katikati ya meza. Kushoto kwake alikaa karani wa utumishi. Kulia kwake, kalamu zake tatu zikiwa zimepangwa sambamba, alikaa Bwana Mstari.

"Karibu, Bi Mkasi," alisema Mkurugenzi. "Tuanze."

"Ahsante, Mama. Kabla hatujaanza, naomba kuuliza. Meneja amekaa hapo kama nani?"

"Kama mjumbe."

"Kanuni ya ishirini na mbili, ukurasa wa tisa, inasema aliyetoa adhabu haketi kusikiliza rufaa yake."

Mkurugenzi aliomba aletewe kijitabu. Karani alitafuta kabatini, akatafuta kwenye droo, akatoka, akarudi na kalenda. Bi Mkasi alifungua mkoba wake na kusukuma nakala yake juu ya meza, ukurasa wa tisa ukiwa umekunjwa pembeni. Mkurugenzi alisoma kwa muda mrefu kuliko kanuni yenyewe ilivyohitaji. Kisha Bwana Mstari alikusanya kalamu zake, akazunguka meza, akakaa kwenye kiti kilichokuwa kando ya Wakili, na akazipanga tena.

"Na karani?" aliuliza Mkurugenzi.

"Karani alikuwepo pia, Mama. Lakini yeye aandike tu. Mwandiko wake sina ugomvi nao."

Karani alionekana kutuliwa mzigo.

Mkurugenzi aliisoma barua ya rufaa kwa sauti, aya ya kwanza na ya pili. Alipofika ya tatu, alipunguza mwendo. Wakili alitazama dari kama mtu anayesubiri jino ling'olewe.

"Meneja," alisema Mkurugenzi, "hapa anasema ukuta ulibadilishwa. Wewe katika maelezo yako unasema hakuna kilichobadilishwa."

"Niliagiza usafi tu, Mama. Pateni zilipanguswa zikarudishwa palepale. Kila moja kwenye msumari wake. Nilisimamia mwenyewe."

"Kweli kila moja ilirudi kwenye msumari wake," alisema Bi Mkasi.

Mkurugenzi alimtazama. "Sasa unakubaliana naye?"

"Kwenye hilo, ndiyo. Msumari ni uleule. Kilichogeuka ni uso." Akaeleza kuhusu zilizolala na zilizo macho, kwa sentensi tano, bila kuinua sauti, na bila kumtazama Bwana Mstari, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa ameacha kalamu moja ikae upande.

"Zilikuwa zimegeuzwa ovyo," alisema Bwana Mstari polepole. "Nyingine huku, nyingine kule. Nilidhani ni... nilidhani hakuna mtu anayezijali."

"Kwa hiyo uligeuza."

"Nilinyoosha, Mama."

Karani aliandika "alinyoosha", akasita, akaliacha.

"Hata hivyo," alisema Bwana Mstari, na sauti yake ikapata nguvu, kwani alikuwa mtu mnyofu na aliamini alichokuwa akisema, "kila pateni ina tarehe pembeni. Imeandikwa kwa wino. Mkataji angesoma tarehe, angechukua ya karibuni. Sihitaji kuwa fundi kujua hilo. Kusoma tarehe ni wajibu wa kawaida kabisa, na asiyeutimiza ni mzembe."

Hoja ilikuwa nzuri. Mkurugenzi alitikisa kichwa kukubali. Wakili alimkanyaga shemeji yake mguu chini ya meza, jambo ambalo kanuni hazikulikataza.

"Mama," alisema Bi Mkasi, "meneja asome hizo tarehe yeye mwenyewe. Ukuta haujaguswa tangu siku ile, ameuwekea amri. Ashuke atuletee pateni ya suruali ya walinzi, ile tunayokatia sasa. Mwache achukue muda wake."

Bwana Mstari alishuka. Alikaa huko dakika kumi na moja, muda mrefu kuliko kikao kilichomfukuza Bi Mkasi, na karani, ambaye alikuwa ameanza kuonja utamu wa kuandika kila kitu, aliandika hilo pia. Aliporudi alikuwa amebeba pateni moja kwa mikono miwili. Aliiweka mezani taratibu na kuweka kidole kwenye tarehe.

"Zilikuwa tatu," alisema. "Hii ndiyo ya karibuni. Mwaka jana, mwezi wa sita."

"Ndiyo ya mwisho kuchorwa," alisema Bi Mkasi. "Ina mfuko wa tochi hapa gotini. Kampuni ya ulinzi ndiyo iliyouomba. Tukaikata mara moja. Mlinzi akitembea, tochi inagonga goti, ko, ko, ko. Mwizi alikuwa anamsikia mlinzi kabla mlinzi hajafikiria kutoka kibandani. Wakairudisha baada ya wiki mbili. Tukarudi kwa ile ya kabla yake, na hii tukailaza."

Mkurugenzi alikuwa ameinamia mfuko wa gotini.

"Naikumbuka," alisema. "Mwenye kampuni alinipigia simu mwenyewe. Alikuwa anafoka."

"Tarehe inasema pateni ilizaliwa lini, Mama. Haisemi kama iko macho. Ukuta ndio uliokuwa unasema. Leo mtu yeyote akikata kwa kufuata tarehe, kabla ya mwisho wa mwezi utapigiwa simu nyingine."

Bwana Mstari aliitazama pateni yake. Uwekundu ulimpanda taratibu kutoka kwenye kola, na inafaa kusemwa, kwa ajili ya haki, kwamba hakujaribu kubisha.

"Ningewakatia walinzi hii," alisema.

"Ungewakatia. Na ungekuwa umesoma tarehe."

Mkurugenzi aliomba dakika chache. Hakumwambia mtu atoke nje. Aliandika, akafuta, akaandika tena, kisha akasoma. Uamuzi wa kumwachisha kazi Bi Mkasi umetenguliwa, kwa kuwa hakusikilizwa, na kwa kuwa aliyemshtaki ndiye aliyemhukumu. Anarudi kazini leo hii, na siku alizokaa nyumbani zihesabiwe kuwa ni za kazi. Meneja ataandikiwa barua ya kujieleza. Atakuwa na siku saba za kujibu, na atasikilizwa na mtu mwingine.

"Nitasikilizwa," alirudia Bwana Mstari, kama anayejaribu uzito wa neno. Akamgeukia Bi Mkasi. "Hicho kijitabu kinapatikana wapi?"

"Mwulize karani. Sasa ataanza kukitafuta."

"Lakini," alisema Mkurugenzi, "umekiri mwenyewe kwamba uliona na hukuuliza. Makoti mia tatu na ishirini si jambo la kupitisha hivihivi. Nakupa onyo la maandishi."

"Ni haki," alisema Bi Mkasi.

Wakili alifumba macho.

Katibu muhtasi, aliyekuwa chumba cha pili, alipiga chapa barua ya onyo na kuileta ikiwa bado na joto la mashine. Ilikuwa fupi na ya adabu. Bi Mkasi aliisoma, akachukua kalamu aliyosogezewa, kisha akairudisha mezani bila kuifungua.

"Sitii sahihi, Mama."

"Umesema ni haki."

"Onyo ni haki. Hapa imeandikwa 'kwa sababu ya uzembe'."

"Hilo ndilo neno tunalotumia siku zote kwenye barua hizi."

"Ndiyo maana halisemi kitu. Mtu aliyelala kazini, uzembe. Aliyeacha bomba linamwagika, uzembe. Mimi sikulala. Niliona pateni zimegeuzwa nikanyamaza. Liandikwe hilo, nami nitaweka sahihi yangu chini yake, hata kwa herufi kubwa. Atakayeisoma barua hii mwaka ujao ajue nilikosa nini, asikisie."

Mkurugenzi aliivuta barua upande wake. Huenda alifikiria kwamba mfanyakazi aliyerudishwa dakika kumi zilizopita angeweza kuvuta subira kidogo kabla ya kuanza kuwasahihisha wakubwa. Kama alifikiria hivyo, hakulisema. Alikata mstari juu ya neno, akaandika maneno mengine juu yake, na kumrudishia katibu muhtasi karatasi.

Walisubiri. Mashine ililia kwa muda mfupi upande wa pili wa ukuta. Barua ya pili ilipokuja, sehemu ya kosa ilisomeka: "Aliona pateni zimegeuzwa, hakuuliza." Bi Mkasi aliisoma mara mbili, akatia sahihi, akaomba nakala.

Kwenye ngazi, Wakili, ambaye ulimi wake ulikuwa umefungiwa kwa saa nzima na nusu, alipata nafasi.

"Shemeji, nisaidie nielewe. Wametengua kila kitu. Ungeweza kutoka mle ndani umeoga. Ukawapa kosa, halafu ukalipigania liandikwe vizuri."

"Ndiyo."

"Watu hupigania wasiandikiwe onyo. Wewe umepigania uandikiwe."

"Nimepigania niandikiwe langu," alisema Bi Mkasi.

Wakili alisema atalifikiria hilo, na kwamba huenda likamchukua muda. Bi Mkasi hakuwa na muda wa kumsubiri. Hospitali ilitaka makoti yake Ijumaa, meza ilikuwa tupu, na kulikuwa na misumari mia moja na kumi ya kupitia kwanza.